Karatasi ya Kijani Kwenye Kioo

4 Januari

Mume wangu mdogo,

Kaa kwanza. Najua wewe husoma barua zangu umesimama mlangoni na mfuko begani, kama mtu anayefukuzwa. Ukishakaa, pokea salamu za nyumba nzima. Mimi bibi yako ni mzima, ukiondoa magoti, na haya magoti hayajawahi kuwa upande wangu. Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani, maana mimi na kalamu hatukuwahi kujuana. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinitilie mapambo, hili si gauni la harusi.

Bati la jikoni lilivuja, baba yako mdogo ameliziba kwa lami. Kuku yule mweusi amekufa, na sikumlilia, alikuwa mwizi.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako mdogo amenunua gari. Lile la zamani lilikuwa linakunywa petroli kama ng'ombe aliyerudi machungani, abiria mmoja akipanda faida yote inaingia tangini. Hili jipya lina karatasi ya kijani kwenye kioo cha mbele. Fundi aliisoma kwa sauti watu wamejaa uani: gari hili hutumia lita tano na nusu kwa kilomita mia. Chini yake pana sahihi. Sahihi yako! Nilipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akaingia uvunguni. Baba yako mdogo alikuwa ameonyeshwa magari matatu, akachukua hili kwa sababu ya mkono wako. Anasema, "Mtoto niliyemfundisha kushika usukani, leo magari yanapita kwake kuomba ruhusa."

Na unajua gari ni la nini. Mama yako mdogo ana mimba ya miezi minne. Miaka tisa wamengoja, na mara mbili nimeshika maji ya moto ya uzazi bure. Daktari amesema asijaribu kuzalia hapa, azalie hospitali ya mjini. Ni kilomita mia na kumi, na nusu yake vilima. Kituo cha mafuta tunacho kimoja, leo kina petroli, kesho wamelaza mpira wa pampu chini. Kwa hiyo baba yako mdogo ataweka akiba kwenye dumu kwa ajili ya siku hiyo. Amepiga hesabu kwa karatasi yako, anasema lita sita na kidogo zinatufikisha.

Nina swali moja tu. Ile karatasi ni kweli? Sema ndiyo, nilale.

Wala usinijibu kwa simu. Kwenye simu ukifika penye ukweli mtandao unakatika. Barua haina pa kukatikia.

Mkeo mzee, aliyebakiwa na meno machache na mdomo mzima.


22 Januari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe shikamoo baba mdogo na mama mdogo, na fundi umshukuru kwa mwandiko wake. Nimesoma nimekaa.

Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama gereji. Harufu ya oili nimeizoea, inanikumbusha nguo za marehemu babu.

Kazini, kwenye maabara ya kupima magari, tuna shughuli nyingi. Gari likija tunalipandisha juu ya mapipa mawili ya chuma yanayozunguka, magurudumu yanakimbia lakini gari halitoki. Mbele tunaweka feni kubwa iwe kama upepo wa barabarani, na bomba la moshi tunaliunganisha na mashine inayotuambia petroli iliyotumika. Ungeona ungecheka. Safari nzima bila kwenda popote.

Sasa hivi tunapigania kiwango kipya. Bunge likikipitisha, hakuna gari litakaloingizwa nchini likiwa linakula zaidi ya lita sita kwa kilomita mia. Fikiria, Bibi, moshi utakaopungua, na watu kama baba mdogo watabaki na chochote mfukoni. Mkuu wa maabara anasema sisi vijana ndio tutakaokumbukwa. Mimi naiamini kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Kuhusu karatasi, vipimo vyetu vyote hufuata utaratibu. Mwambie baba mdogo aendeshe taratibu na aangalie upepo wa matairi.

Nimefurahi sana kwa ajili ya mama mdogo.

Mumeo wa mbali.


15 Februari

Mume wangu,

Tuko wazima. Mvua imekata. Mama yako mdogo miguu imevimba kidogo, namkanda. Amepata hamu ya kunusa sabuni ya kufulia, anaibeba mfukoni kama leso, tunamcheka na yeye anacheka.

Barua yako ilisomwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa wote, na baba yako mdogo alitikisa kichwa kwa fahari kila ulipotaja mashine. Mara ya pili niliomba nisomewe peke yangu, nitafute neno ndiyo. Fundi alipita na kidole mstari kwa mstari. Halimo.

Nakujua wewe. Ulipovunja mtungi wangu ulikuwa na miaka sita. Nikakuuliza nani kavunja, ukaniambia leo kuna mawingu. Utaratibu ndio nini? Sikukuuliza utaratibu. Nimekuuliza kweli.

Nakwambia jambo ambalo baba yako mdogo hataki nikwambie. Gari linakunywa. Nilimwambia amwage tangi lote kwenye dumu, nikachukua kile kijiti cha babu yako, chenye mkato mmoja kwa kila lita, nikapima. Akarudishia petroli, akaenda sokoni na kurudi, kilomita mia kamili. Akamwaga tena, nikapima tena. Mikato tisa imekwenda. Tisa!

Baba yako mdogo alikitazama kijiti, akaitazama karatasi kwenye kioo. Akasema, "Mama, kijiti kimezeeka." Nikamwambia mti ukizeeka mikato yake haihami. Akasema basi ni mguu wake, ana mguu mzito, alizoea gari bovu. Tangu siku hiyo anaendesha peku. Anavua kiatu cha kulia anakiweka kando ya kiti, ili akanyage mafuta kwa ngozi. Ametoa na kiti cha nyuma kupunguza uzito. Abiria wanamcheka, wanamwita Peku, naye anasema, "Ngojeni, nitaifikia tu ile lita tano na nusu." Kama mtoto anayeogopa kufeli mtihani wako.

Mtu huyu aliacha shule wewe usome. Hawezi kukubali kwamba umekosea. Ni rahisi kwake kuwa na mguu mbaya.

Kijiti hakina sahihi, ndiyo shida yake. Nijibu.

Bibi yako, leo si mkeo.


28 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, halafu kamati ya bunge ilikuja kutembelea maabara, tukapaka rangi hadi choo. Barua hii nimeianza mara tatu.

Hapa kumekuwa na joto. Dirisha langu halifunguki vizuri.

Unajua gari hupimwa ndani, Bibi, halina mzigo, halina kilima wala vumbi. Kwa hiyo barabarani linaweza kutumia zaidi. Si vibaya baba mdogo akiongeza kidogo kwenye ile akiba ya dumu. Kidogo tu, kwa tahadhari. Na mwambie avae viatu, asije akaumia.

Kamati imefurahishwa na takwimu zetu. Magari manne kati ya kumi tuliyopima tayari yanafikia kiwango kipya, na hiyo ndiyo hoja yetu kubwa kwamba kinawezekana.

Mama mdogo anaendeleaje? Sabuni bado?

Mjukuu wako.


23 Mei

Mjukuu wangu,

Barua yako ya mwezi wa tatu imefika leo. Karani wa posta anasema ilikwenda kituo kingine ikakaa huko. Tumeisoma.

Sisi tupo. Mama yako mdogo amelala. Baba yako mdogo yuko shambani, ameacha kubeba abiria kwa sasa.

Kumeanza baridi asubuhi. Jifunike kifua.

Bibi yako.

(Mimi fundi naongeza hapa bila yeye kuniambia. Amenyamaza sana. Nilipomuuliza kama kuna jingine, alisema, "Funga bahasha.")


10 Juni

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imeniacha na mawazo. Mama mdogo amejifungua nini? Nimempigia baba mdogo kila siku, simu inaita mpaka inachoka. Au mnataka kunifanyia mshangao? Nakujua, Bibi, unaweza kumficha mtoto hata miezi mitatu ili nije mwenyewe.

Nimewatumia kifurushi. Kuna kofia ya sufu, soksi jozi mbili na sweta la manjano. Muuzaji aliniuliza wa kike au wa kiume, nikaona aibu kwamba sijui, nikachukua manjano.

Huku mambo ni mazuri. Wiki ijayo kamati inakaa kupigia kura kiwango kipya, na mkuu wa maabara amenichagua mimi nisimame kuzitetea takwimu. Ameninunulia tai.

Tafadhali niandikie. Hata mstari mmoja.

Mumeo mwenye hamu.


2 Julai

Mume wangu,

Kaa chini. Safari hii usinidanganye, kaa.

Tulikubaliana mimi na baba yako mdogo tusikwambie. Yeye alisema, "Mwacheni mtoto na kazi yake." Mimi nikakubali, nikakaa kimya wiki saba, na kimya changu unakijua, hakijawahi kufika hata siku mbili. Kifurushi chako kimekivunja. Mama yako mdogo ndiye aliyekifungua.

Ilikuwa tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi. Uchungu ulianza mapema kuliko tulivyohesabu. Kituo cha mafuta kilikuwa kimekauka kwa siku ya kumi mfululizo. Ndani ya dumu tulikuwa na lita nane, tangini hakuna kitu. Nilipima kwa kijiti, nikamwambia baba yako mdogo, "Hizi hazifiki. Mwalimu mkuu ana pikipiki, nikamwombe lita mbili." Nusu saa tu ya kwenda na kurudi kwa magoti yangu haya.

Akanijibu, na sikumlaumu wakati ule, "Mama, mjukuu wako amepima kwa mashine, wewe unapima kwa mti. Karatasi inasema sita. Hapa kuna nane, tuna mbili za ziada. Panda gari."

Nikapanda. Sikia hapo vizuri, maana hapo ndipo na mimi nina yangu. Nilikuwa najua. Kijiti cha babu yako hakijawahi kunidanganya miaka arobaini. Lakini niliitazama ile sahihi kwenye kioo, moyo ukajaa, nikajiambia wewe mwanamke usiyejua hata kuandika jina lako, nani kakuambia unajua kuliko mtoto aliyesoma? Nikanyamaza. Mara moja tu maishani nimeionea haya akili yangu, na siku niliyoichagua ni hiyo.

Gari lilikohoa kwenye kilima cha tatu. Tulikuwa tumekwenda kilomita themanini na tano. Baba yako mdogo alikuwa peku, kiatu chake kando, amekanyaga kama anakanyaga yai. Likakohoa tena, likasimama. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, hakuna nyumba, hakuna mtandao. Alikimbia kupanda kilima kutafuta gari, alikimbia na ule mguu mmoja bila kiatu juu ya kokoto. Lori la mawe lilimleta baada ya saa mbili.

Mtoto hakungoja. Nilimpokea mimi, juu ya khanga yangu, pale kilipokuwa kiti cha nyuma. Alikuwa wa kike. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni mara mbili. Hospitali wangelijua la kufanya, mimi nilijua nusu. Alivuta pumzi, nakuapia alivuta, nilizihesabu, halafu zikaisha.

Mama yako mdogo yuko hai. Anakula nikimlisha. Sweta la manjano amelikunja amelirudisha kwenye karatasi yake.

Na baba yako mdogo kila siku anasema jambo moja tu. "Ni mguu wangu. Karatasi ilisema. Ni mguu wangu mimi."

Fundi analia, mstari huu umelowa, utausoma hivyohivyo.

Sasa nijibu lile swali la mwezi wa kwanza. Nimekasirika mpaka mifupani, na nakupenda mpaka huko huko, basi usijaribu kuchagua kimoja unijibu kingine.

Bibi yako.


26 Julai

Bibi,

Karatasi si kweli.

Nilijua nilipoitia sahihi. Aliyeyaleta yale magari alichagua moja akaliandaa. Matairi yalikuwa yamejazwa upepo mpaka yakawa kama jiwe, viti vimetolewa, oili nyepesi kuliko maji. Niliyaona yote hayo. Na hata hivyo mashine ilisoma lita saba na nusu. Niliandika saba na nusu. Mkuu wa maabara akaniita, akafunga mlango. Hakunitisha, Bibi, wala hakunipa chochote, na hilo ndilo linaloniuma. Aliniambia kwa upole, "Wabunge wanasema kiwango kipya hakiwezekani. Wakiona hakuna gari hata moja linalokifikia, watakitupa, na tutakaa na magari ya moshi miaka ishirini mingine. Yapitishe haya manne. Kiwango kikishapita, ya kweli yatakuja yenyewe." Nikaona ana hekima. Nikafuta saba nikaandika tano. Niliona nimefanya jambo jema.

Sikujua kwamba gari mojawapo litakuja kwetu. Hapana, hilo nalo niliseme sawasawa. Sikufikiri kwamba litakwenda kwa mtu yeyote. Kwangu lilikuwa namba.

Ulipoandika habari za kijiti nilijua siku hiyohiyo. Mwezi wa nne nilipiga simu mara tatu nikiwa nimekusudia kumwambia baba mdogo tisa, weka kumi. Kila mara alipokea kwa furaha, "Mkaguzi wa taifa!" na nikaishia kumuuliza habari za mvua. Neno lenyewe lingechukua muda mfupi kuliko salamu.

Kura ya kamati iliahirishwa, ikaangukia juzi, barua yako ikiwa mfukoni mwangu. Nilisimama na ile tai, nikawasomea namba za kweli za magari yote kumi. Niliwaambia na kuhusu kilomita themanini na tano. Halafu wale wasiokitaka kiwango walipiga makofi. Ndio walioshangilia, Bibi, wale wale. Wakasema huu ni ushahidi kwamba hakiwezekani, na kimetupwa. Magari kama lile la baba mdogo yataendelea kuingia, tena sasa bila karatasi yoyote. Mkuu wa maabara alilia korido nzima. Mimi nimesimamishwa kazi, na kesi ipo njiani.

Nilisema uwongo kwa ajili ya jambo jema, jambo jema likafa, na mtoto akafa. Sina pembe ya kusimama.

Nataka kuja. Sijui nitamtazamaje baba mdogo. Ukisema nisije, sitakuja.

Mjukuu wako.


14 Agosti

Mume wangu mdogo,

Salamu zitangulie, hata leo. Magoti ni yaleyale. Mama yako mdogo alitoka nje juzi akakaa juani, akaniomba chumvi kwenye uji. Nimemwekea mpaka ukawa mchungu na ameumaliza.

Barua yako sikuificha. Nilimwita baba yako mdogo akakaa kwenye kigoda, fundi akaisoma kuanzia neno la kwanza. Alipofika kwenye saba na tano, baba yako mdogo alinyoosha mkono, akamwambia, "Rudia." Akarudia. "Rudia tena." Akarudia.

Aliutazama mguu wake wa kulia. Kokoto za siku ile zimeuachia makovu. Kisha akasema polepole, si kwangu, si kwa fundi, "Kwa hiyo haukuwa mguu wangu."

Akainama akalia. Tangu siku ile hakuwahi kulia, nilidhani machozi yake yamekauka pamoja na kituo cha mafuta. Mama yako mdogo akatoka ndani akakaa chini kando yake, akaushika ule mguu akauweka mapajani. Mimi nikamkanyaga fundi tutoke.

Sijui kama atakusamehe. Sitakudanganya kwamba ameuliza habari zako, hajauliza. Na mimi yangu bado ninayo, ile nusu saa ya kwenda kwa mwalimu mkuu naitembea kila siku nikiwa nimekaa. Hayo mambo yenu ya bunge siyajui, lakini mlikuwa na haki ya kutaka magari yanywe kidogo. Mngesema tu tisa. Watu tungebana tisa yetu, tungebeba kumi, tungefika.

Njoo. Hukuniomba ruhusa ulipozaliwa, usianze leo. Kitanda chako kipo, nimetoa mahindi juu yake. Usije na zawadi, usije na hiyo tai. Mama yako mdogo akitaka kukupiga, utasimama upigwe. Usiku utalala chumbani kwangu kama zamani, na nitakukoromea.

Gari lipo palepale uani, kuku wanatagia ndani. Karatasi ya kijani bado iko kwenye kioo. Nilitaka kuibandua kwa kisu, baba yako mdogo akanizuia. Ndilo neno pekee alilolisema kuhusu kuja kwako, nami nalituma kama lilivyo.

"Asiiguse mtu. Aliyetia sahihi aje na wembe wake."